SHA Wanakuuliza Choo Yako Ni Ya Nini? Hivi Ndivyo Kenya Hupima Sonko Na Msee Wa Mtaa

Wasee, mlishajisajili SHA ama bado mnangoja mpaka mlazwe?

Juzi nilikuwa namsaidia mathe kwa simu. Mathe ni mama mboga, anauza sukuma hapo steji. Tulidhani ni kuweka namba ya kitambulisho na kumaliza. Wapi! Maswali yakaanza kumiminika: paa ni ya mabati ama nyasi? Sakafu ni ya nini? Maji mnatoa wapi? Choo ni yenu ama mnashare na ploti yote?

Mathe akacheka, akaniuliza, "Na mbona hawaniulizi leo nimeuza ya ngapi?"

Hilo swali lilinikaa kichwani, acha tulipige msasa.

Ukiwa umeandikwa kazi, hesabu ni rahisi. Wanakata 2.75% ya mshahara kabla hata hujauona. Lakini msee wa jua kali hana payslip. Leo ameingiza elfu, kesho ameenda soko bure. Kwa hivyo mfumo unakadiria uwezo wako kwa kuangalia unavyoishi. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

Hii akili haikuanzia Kenya. Mwaka wa 2001 wasomi wawili, Deon Filmer na Lant Pritchett, walitoa utafiti wao wa India. Walionyesha kuwa unaweza kupanga familia kutoka maskini hadi tajiri bila kuuliza mtu mshahara. Hesabu tu vitu: redio, baiskeli, choo, aina ya nyumba. Watu hudanganya kuhusu doo, lakini mabati yako kila mtu anayaona.

Utafiti mkubwa wa afya wa Kenya, KDHS, hutumia njia hiyo hiyo. Wa 2022 uliingia karibu boma 38,000. Watu wanapangwa kwenye laini moja, kisha laini inakatwa mafungu matano yaliyo sawa, kutoka kwa waliosota kabisa hadi kwa masonko. Baada ya hapo ndio unauliza: watoto wa fungu gani wanaugua, na wa fungu gani wako fiti?

Namba moja, stori mbili

Chukua udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya kukosa lishe poa kwa muda mrefu. Mwaka wa 2014 ilikuwa 26% ya watoto wa chini ya miaka 5. Mwaka wa 2022 ikashuka hadi 18%. Makofi, si ndio?

Sasa fungua hiyo namba uone ndani. Kwa fungu la chini kabisa, udumavu ulitoka 36% ukafika 28%. Kwa masonko, ulitoka 14% ukafika 9%.

Ukitoa, pengo lilikuwa pointi 22, sasa ni 19. Limepungua. Lakini ukigawanya, mtoto wa maskini alikuwa kwenye hatari mara mbili na nusu hivi kuliko mtoto wa sonko. Sasa ni zaidi ya mara tatu. Imeongezeka!

Zote mbili ni ukweli. Ndio maana msee wa serikali na msee wa upinzani wanaweza kusoma ripoti moja, kila mtu atoke na kichwa chake cha habari, na hakuna aliyedanganya. Mimi niliachana na campo mwaka wa pili na hata mimi naona hapo kuna mchezo. Ukipewa moja, itisha ya pili.

Wastani unaficha watu

Mwaka wa 2000, watafiti wa APHRC waliingia mitaa ya mabanda ya Nairobi kuhesabu. Nairobi nzima ilikuwa inapoteza watoto 62 wa chini ya miaka 5 kwa kila 1,000 wanaozaliwa. Mashambani ilikuwa 113. Kwa mabanda? 151.

Soma tena. Mtoto wa mabanda, karibu kabisa na hospitali kubwa za nchi, alikuwa na nafasi ndogo ya kuishi kuliko mtoto wa ushago. Lakini kwenye wastani wa Nairobi alikuwa amefichwa nyuma ya watoto wa mitaa ya geti na walinzi. Walipohesabu tena 2012, ilikuwa imeshuka hadi karibu 80. Lakini ile 151 isingejulikana kama hakuna mtu aliyeenda kuhesabu huko peke yake.

Na si Nairobi tu. Kilifi, ile ya Malindi na Watamu na mahoteli ya watalii, ilikuwa na udumavu wa 37% mwaka wa 2022. Mara mbili ya wastani wa nchi.

Tiles ni za landlord, buda

Sasa turudi kwa swali la mathe. Kupima watu kwa vitu kuna shida zake. Wewe unaishi bedsitter ya tiles, lakini tiles ni za landlord na rent ya mwezi jana hujamaliza. Msee wa Turkana analala manyatta, lakini ana ngamia. Nani sonko hapo?

Watafiti wanajua hii noma. Ndio maana huweka mifugo kwenye hesabu, na kupima mji na mashambani kando kabla ya kuunganisha. Wakikosea boma moja kati ya 38,000, picha kubwa haiharibiki.

Lakini ukichukua rula ya kupimia umati ukampimia mtu mmoja, kosa linakuwa bili yake. Na bili hiyo mfumo umeipanga kwa mwaka mzima, wakati mama mboga hupata pesa kwa siku, tena kwa sarafu.

Kwa hivyo ukisikia mtu akisema afya imeimarika, muulize vitu vitatu: imeimarika kwa nani, pengo ni pointi ngapi, na ni mara ngapi? Na ukiulizwa kuhusu choo yako, jibu ukweli, kisha kagua kiasi walichokupangia. Kikiwa hakieleweki, usikae kimya.

Mathe alishamaliza yake. Sasa kuna mkebe chini ya meza ya sukuma, na kila jioni unaingia shilingi 10. Fanya hesabu: ni 3,650 kwa mwaka. Akikosa siku 6 tu, hajafika.