Chanjo ya Lukemia ya Ng'ombe Inastahili Kupewa Nafasi

Zipo nchi zilizoitokomeza lukemia ya ng'ombe bila chanjo. Mataifa kadhaa ya Ulaya Magharibi yaliwapima ng'ombe, yakawatenga au kuwachinja walioambukizwa. Njia hiyo hufaa pale ambapo walioambukizwa ni wachache. Nchini Marekani, uchunguzi wa mwaka 2007 ulionesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya mashamba ya ng'ombe wa maziwa yalikuwa na maambukizi. Argentina nayo imeelemewa. Huko, kuwachinja wote ni kumfilisi mfugaji.

Ugonjwa huu huletwa na retrovirusi, yaani virusi vinavyopachika vinasaba vyake katika vinasaba vya seli nyeupe za damu na kudumu humo maisha yote. Ng'ombe wengi hawaoneshi dalili. Wachache tu hupata uvimbe wa saratani. Katika ukimya huo virusi huenea kwa damu: kwa sindano inayotumiwa kwa ng'ombe wengi, kwa vifaa vya kukatia pembe, na kwa pange.

Chanjo za virusi vilivyouawa hazikutoa kinga ya kutegemewa. Watafiti wa Argentina na Ubelgiji wakajaribu njia nyingine: kuviondolea virusi hai baadhi ya jeni ili visizaliane kwa wingi. Ng'ombe waliochanjwa walistahimili maambukizi walipochanganywa na wagonjwa.

Wenye shaka husema kuwa chanjo hiyo nayo hubaki mwilini daima, na kwamba kingamwili zake zaweza kuvuruga vipimo. Hoja hizo ni nzito. Zinadai ufuatiliaji wa miaka mingi, na vipimo vinavyomtofautisha aliyechanjwa na aliyeambukizwa; hazidai utafiti uachwe. Paka wamekuwa na chanjo dhidi ya retrovirusi yao ya saratani tangu 1985, hivyo haiwezi kusemwa kuwa jambo hili haliwezekani.

Tabibu wa binadamu naye ana sababu ya kufuatilia. Virusi vya HTLV-1, vilivyotangazwa mwaka 1980, ni ndugu wa karibu wa hivi vya ng'ombe. Husababisha lukemia kwa watu wazima na havina chanjo. Fedha zinazotolewa kwa ajili ya zizi zaweza kuwafaa wagonjwa wodini. Hadi chanjo ipatikane, kila ng'ombe apate sindano yake.