Picha ya Garimoshi na Maneno Yaliyosahauliwa

Wapo wanaodhani kuwa kupiga picha ya garimoshi la kale likipita kando ya mnara wa ishara ni burudani ya watalii tu. Kwa maoni yangu, picha hiyo ni matini yenye sarufi yake. Mkono wa ishara uliolala mlalo humwamuru dereva asimame. Ulioinama humruhusu apite. Kwenye reli ya njia moja, kama ile inayoteremka kutoka Mau kupitia Londiani, Kipkelion na Fort Ternan hadi Kisumu, ilikofika mwaka 1901, magari ya pande mbili hupishana stesheni tu. Kosa la mwendesha ishara lingeweza kuua watu. Mpigapicha asiyelijua hilo huuona moshi mweupe, ambao baridi ya mlimani huuzidisha, akabofya na kwenda zake.

Kipkelion, iliyoitwa Lumbwa enzi za ukoloni, ndiyo iliyokuwa stesheni ya chai ya Kericho. Injini za mvuke ziliondolewa katika kazi za kawaida kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, lakini hazikukosa watunzaji. Mount Gelai, nambari 5918, mojawapo ya injini 34 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1950, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, na imepigwa picha mara zisizo na idadi. Je, ni nani aliyeyahifadhi maneno ya waliozichochea moto injini hizo?

Hapo ndipo lawama inapotugusa sisi wanafunzi wa Kiswahili. Tunajadili uundaji wa istilahi semina baada ya semina, ilhali reli imekuwa karakana ya istilahi kwa zaidi ya karne moja. Taruma, neno la mabaharia kwa mbao za kuimarisha chombo, lilihamia bara likalala chini ya reli. Behewa nalo likapata magurudumu. Muulize leo mwanafunzi wa shahada ya kwanza jina la taruma. Atakujibu kwa Kiingereza (na baadhi ya wahadhiri wetu, wanisamehe, watamwitikia).

Watasema kwamba maneno mengi ya wafanyakazi wa reli ni Kiingereza kilichopindwa. Na yawe hivyo! Maneno ya Kiarabu yaliyopindwa tunayaandikia tasnifu.

Picha zenyewe zingetufaa kuliko hojaji. Mzee asiyetaka kujibu maswali yetu ya kitaalamu, mwonyeshe picha ya injini ikiupita mnara wa ishara, umuulize, "Hiki mlikiitaje, mzee?" Ataanza na jina la kifaa na kuishia kwenye kisa cha usiku wa ukungu, na fasihi simulizi utakuwa umeipata bila kuitafuta. Aliyeajiriwa mwaka 1975 akiwa na miaka 20 keshapita sabini sasa. Wa miaka ya 1950 wamebaki wachache. Kinasasauti kimo katika kila simu, na kutoka Kericho mjini hadi Kipkelion ni safari ya asubuhi moja.