Bure ya Nairobi si bure ya Iguhu

Kuna maneno yananikera kila nikiyasikia kutoka kwa wenzangu tunaoandika programu: "Kila kitu kiko bure mtandaoni, vijana wa siku hizi ni wavivu tu." Anayesema hivyo kwa kawaida ameketi ofisini Nairobi, intaneti analipiwa na mwajiri. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi ni mtu wa Iguhu, Kakamega, na leo nataka tugombane kidogo juu ya neno hili "bure".

Kwamba vitu vipo, hilo sibishi. Project Gutenberg ilianza mwaka 1971 na leo ina vitabu zaidi ya 70,000. MIT ilitangaza mwaka 2001 kwamba itaweka masomo yake mtandaoni, yeyote asome. Khan Academy ina hesabu kuanzia kujumlisha hadi kalkulasi, na mtahiniwa wa KCSE atakuta humo vekta, matriksi na logi zake zote. (Fasihi ya Kiswahili hataikuta, kwa hiyo asidanganywe kwamba humo mna kila somo.) OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice hutoa vitabu vizima vya uhasibu, bayolojia na uuguzi. Anayetaka kazi kama yangu ana freeCodeCamp. Na GCFGlobal hufundisha Word na Excel hatua kwa hatua bila kuomba hata senti.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayoniuma. Kwetu mtoto akimaliza Kidato cha Nne, ushauri wa kwanza anaopewa ni "kafanye pakeji za kompyuta". Mzazi anauza mahindi, akikosa anauza ndama, ili mtoto akafundishwe kuandika barua kwenye Word na kujumlisha safu kwenye Excel, kompyuta moja watu watatu. Sisemi mwalimu asilipwe. Mwalimu anayeketi nawe akakuonyesha ulipokosea anastahili kila shilingi. Ninayemlaumu ni yule anayechapisha kurasa za tovuti ya bure, anazitia jalada, anaziuza kama "notisi", na hathubutu kumwambia mwanafunzi zilikotoka.

Na huyo bado ni afadhali kuliko wauza mitihani wa WhatsApp na Telegram. Mnakumbuka KCSE ya 2015: matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa, na Machi 2016 bodi nzima ya KNEC ikavunjwa. Hata baada ya hapo bado kuna mtoto anayetuma pesa ya matumizi kwa M-Pesa apewe "karatasi ya kesho", na anachopokea ni mtihani wa miaka mingi iliyopita uliobadilishwa tarehe.

Sasa wenzangu wa ofisini wanauliza: kwa nini walipe, na vya bure vipo? Swali zuri, jibu lake ni rahisi. Muuzaji yuko sokoni Iguhu. Maktaba ya bure haiko. Iko nyuma ya bando. Saa moja ya video hula mamia ya megabaiti, na mwenye simu ya kuazima hawezi kumaliza sura moja ya hesabu kabla bando halijakata. Maktaba ya umma iko Kakamega mjini, nayo inadai nauli ya kwenda na kurudi. Ukipiga hesabu hiyo, notisi za sokoni ndizo rahisi. Mtoto hakukosea hesabu. Sisi ndio tuliojenga tovuti nzito tukaziita za bure.

Tazama wanavyofanya Marekani. Maktaba nyingi za umma kule hulipia mazoezi ya mitihani na ya kuomba kazi, na mkazi huingia akiwa nyumbani kwa namba ya kadi yake ya maktaba. Kwa msomaji ni bure kwa sababu mji umelipa bili. Hapa kwetu nani alipe? Katiba ya 2010 imejibu. Fungua Jedwali la Nne, kazi za kaunti: maktaba zimo, katika orodha moja na kamari, mbio na leseni za pombe. Leseni za pombe tunaona zinavyofuatiliwa kwa bidii. Basi na hiyo nyingine ifuatiliwe.

Nitawapa mfano wa kinachopotea. Wataalamu wa mbu duniani wanaijua Iguhu. Watafiti wa KEMRI na wa vyuo vya Marekani wamesoma malaria yetu tangu miaka ya mwanzo ya 2000: mabonde ya mto Yala, madimbwi yake, mbu aina ya Anopheles. Wameeleza jinsi mahali palipokatwa miti maji yanavyopata joto na mabuu kukua haraka. Makala mengi ya namna hiyo yako wazi kwenye Malaria Journal na PubMed Central, bila malipo. Mwanafunzi wa bayolojia wa Iguhu anakariri mzunguko wa maisha ya mbu kutoka notisi za kununua, na makala yenye jina la kijiji chake husomwa California. Hilo halinipi usingizi.

Wala dawa yake si ghali. Mwaka 2012 ilitoka KA Lite, programu ya kusomea Khan Academy bila intaneti, na baadaye watengenezaji wake wakatoa Kolibri. Ukiiweka kwenye laptopu kuukuu na kuiunganisha na ruta, darasa zima linasoma kwa simu zao na hakuna bando linaloguswa. Kiwix hufanya vivyo hivyo kwa Wikipedia, na ile ya Kiswahili nzima inaingia kwenye memori kadi. Kitabu cha Gutenberg kisicho na picha mara nyingi hakifiki hata megabaiti moja. Anayepakua ni mtu mmoja, mara moja, penye intaneti nzuri. Wengine wote wananakili.

Kwa hiyo, wewe wa ofisini unayeita watu wavivu, kazi yako ni hii. Ukija nyumbani Krismasi, njoo na Kolibri uliyokwisha kuijaza. Chagua hesabu na sayansi kwanza, punguza video, ongeza mazoezi, maana mazoezi ni mepesi na ndiyo yanayopitisha mtihani. Zima data kabisa uijaribu ukiwa bado Nairobi, kwa simu ya bei ya chini kabisa utakayoipata, si hiyo yako. Kisha ipeleke kwenye shule ya kutwa iliyo karibu nanyi, umtafute mwalimu mmoja asiyeogopa nyaya, na umwachie nenosiri. Ruta ya zamani usiitupe, hiyo hiyo inatosha.