Tahadhari: Usilipe Kununua Mshahara Wako Mwenyewe

Vijana wetu mliohitimu Uingereza na mko huko kwa viza ya wahitimu, nanyi wazazi mnaopigiwa simu mtume fedha za "udhamini": msitume hata shilingi.

Viza hiyo ni ya miaka 2 kwa wengi, na haiongezwi. Watakaoiomba kuanzia Januari 2027 wakiwa na shahada ya kwanza au ya uzamili watapata miezi 18 tu. Ili ubaki baada ya hapo, kwa kawaida unahitaji mwajiri akudhamini kwa viza ya kazi. Na tangu Julai 2025, katika kazi nyingi za kudhaminiwa, mhitimu mpya lazima alipwe angalau pauni 33,400 kwa mwaka. Muda unabana, kazi ni chache, na madalali wanalijua hilo.

Wanakuuzia cheti cha udhamini kwa maelfu ya pauni. Kampuni inakuandika kuwa mfanyakazi, kazi yenyewe haipo. Kila mwezi unawapelekea fedha taslimu, nao wanakuingizia benki kama mshahara. Tazama hati ya mshahara huo wa pauni 33,400: kodi ya mapato hukatwa kama pauni 347 kwa mwezi, Bima ya Taifa kama pauni 139. Makato hayo yote yanatoka mfukoni mwako, na kuyapata unaosha vyombo usiku kucha.

Watakwambia, "Mradi kodi inalipwa, nani atajua?" Mwajiri huripoti mshahara kwa HMRC, mamlaka ya kodi, kila anapolipa, na uhamiaji huweza kuzilinganisha taarifa hizo na maombi yako. Ukibainika kudanganya, unaweza kuzuiwa kuingia nchini humo kwa miaka 10. Kampuni ikinyang'anywa leseni ya kudhamini, kwa kawaida unabakiwa na siku 60 upate mdhamini mwingine au uondoke. Fedha zako hazirudi.

Mwajiri wa kweli haruhusiwi kukubebesha ada ya cheti. Jina la kampuni kuwamo katika orodha ya serikali ya wenye leseni halitoshi. Hata wenye leseni wamo wanaouza. Fungua akaunti yako ya HMRC, linganisha mshahara ulioripotiwa na ulioingia benki. Na kama umeshalipa, simamisha malipo leo, kisha mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujajaza fomu nyingine yoyote.