Namba Imefichwa, Uso Uko Wazi

Ndugu msomaji, kuna desturi imeingia nchini mwetu ambayo mimi, mzee wa miaka 77, nimeshindwa kuinyamazia. Mtu akipiga picha yenye gari na kutaka kuirusha mtandaoni, jambo la kwanza ni kuziba kibao cha namba. Wengine huweka kidole, wengine hupaka ukungu kwa simu, wengine hubandika kikatuni kinachocheka. Ukimwuliza sababu atakujibu kwa neno moja: usalama.

Usalama wa nani? Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, na chuo kilikuwa na Land Rover moja ya Serikali, yenye namba iliyoanza na herufi ST. Asubuhi moja aliingia ofisini mkulima, kofia mkononi, akanipa kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji. Palikuwa na herufi na tarakimu zilizoandikwa kwa mkaa, moja imegeuzwa nyuma mbele. Ilikuwa namba ya gari letu. Alisema gari hilo lilimgonga mbuzi wake jioni ya jana yake, wala halikusimama. Dereva akakana kwa kiapo. Dereva alikuwa msemaji, mtu wa sare na mwenye marafiki ofisini kwangu. Mkulima yule hakuwa na shahidi hata mmoja. Kisomo chake chote kilikuwa cha elimu ya watu wazima, ile kampeni ya miaka ya 1970 ambayo wasomi wengine waliibeza. Nikamwuliza dereva: kama hukupita kule, huyu bwana aliijuaje namba yako? Mbuzi alilipwa, na ulikuwa mshahara wa dereva uliomlipa.

Kibao cha namba kilibuniwa kwa ajili ya mtu kama yule. Polisi wa Paris waliviagiza vibao hivyo mwaka 1893. Waingereza walitunga sheria yao mwaka 1903, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1904, magari yakiwa bado machache na ya matajiri, yakiwatimulia vumbi wapita njia na kutoweka. Aliyegongwa hakumjua aliyemgonga. Namba ikawa jina la gari mbele za watu, liandikwe kubwa, asome hata asiyejua kusoma vizuri.

Mjukuu wangu, ambaye anauza magari yaliyotumika, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. “Babu,” akasema, “namba ya barabarani wanaiona watu elfu na wote wanaisahau. Ya mtandaoni haisahauliki.” Akachukua simu, akaandika namba ya gari langu kuukuu, likatokea deni la maegesho ambalo hata bibi yake sikuwa nimemwambia. Basi nikanyamaza.

Nakubali, ana hoja. Anayepiga picha ya gari lake mbele ya lango lake na kuwatangazia watu kwamba yuko safarini, na azibe. Muuza gari naye azibe, maana wapo matapeli wanaonakili namba ya mtu mwema na kuifunga kwenye gari la wizi. Hata kampuni ya Google, inayopiga picha za barabara za dunia, huweka ukungu kwenye namba za magari. Lakini, bwana mdogo, huweka ukungu pia kwenye nyuso za watu. Mambo hayo mawili huenda pamoja. Sisi tumeazima nusu moja, tena ile nusu inayolinda bati.

Si miaka mingi iliyopita basi moja la abiria lilipinduka usiku. Kabla hakujapambazuka, picha zilikwisha kuingia katika kundi la WhatsApp la wanafunzi wangu wa zamani. Basi lilikuwa limelala ubavu. Jina la kampuni limepakwa ukungu, namba imepakwa ukungu, kwa uangalifu kama wa fundi cherehani. Chini yake, kwenye majani, walilala watu watatu, nyuso wazi. Wa katikati nilimfundisha. Nilimtambua kwa pengo la meno ya mbele, kwa kuwa mdomo wake haukufungwa. Binti yake, mwanafunzi wa kidato cha pili, aliiona picha hiyo kwenye simu ya jirani kabla baba zake wadogo hawajafika kumpa habari.

Sasa nirudie swali langu. Basi halina binti kidato cha pili. Lina mwenyewe, lina bima, na likishitakiwa lina wakili. Maiti yule hakuwa na lolote kati ya hayo, hata shuka. Na namba iliyozibwa ndiyo ingemsaidia mfiwa: kwa namba hiyo hujulikana basi limekatiwa bima na kampuni gani, na bila kulijua hilo madai ya fidia hayana pa kuanzia. Kwa hiyo wenzetu walimnyima marehemu stara, kisha wakawanyima watu wake ile karatasi ya mkaa.

Wapo watakaoniambia kwamba siku hizi kuna sheria. Naam, ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini wengi wameisikia kwa sikio moja, wakatoka na fununu kwamba kuna kitu kwenye picha lazima kifichwe, na kila mmoja akachagua kukificha kitu cha yule anayemwogopa.

Nilimpigia simu aliyezirusha picha zile. Naye ni mwalimu, na cheti chake nilikitia sahihi mimi. “Shikamoo, Mkuu.” Marahaba. Nikamwuliza kwa nini alificha namba. Akasema aliogopa mwenye basi asije akamshitaki. Nikamwuliza, na mjane wa mwenzako, yeye hukumwogopa? Alikaa kimya muda mrefu, nikawa nasikia kuku wakilia uani kwake. Kisha akasema, “Mkuu, hilo sikuliwaza.”

Alizifuta jioni ile ile, namshukuru. Lakini zilikwisha kufika mbali. Wiki iliyofuata ile ya majani ililetwa katika kundi la ukoo wetu na mtu asiyemjua marehemu, ikiwa na maneno ya pole chini yake, na namba ya basi ikiwa bado imezibwa.