MVUVI NAYE ATAZEEKA



Hazina ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, iliundwa mwaka 1965. Kwa sheria ya 2013, mtu wa kiwandani akikatwa asilimia 6, tajiri wake naye hutoa 6. Je, mvuvi wa omena wa Usenge au Dunga, nani amtilia? Mwenye mtumbwi huondoa gharama, huchukua fungu lake, ndipo wavuvi wagawane kilichobaki. Kwa uzee wao hatoi hata ndururu. Ukimwuliza, hujibu kwamba hana wafanyakazi, ana washirika. Ushirika gani huo!

Husemwa pia kuwa watu wa jua kali hawajui kuweka akiba. Uwongo mtupu! Nendeni Obunga mkawaulize akina mama wauzao mgongo wazi habari za vyama vyao vya mchango.

Mpango wa Haba Haba, shilingi 25 kwa siku kwa simu, hatuupingi. Lakini nani atamweleza mvuvi haki zake? Ofisi iko mjini, na saa zake za kazi ndizo saa ambazo aliyekesha ziwani na taa amelala.

Twataka karani aje ufuoni alfajiri, mitumbwi ikirudi. Majina yako tayari: kamati za ufuo, BMU, huwaandikisha wavuvi. Uvuvi wa omena ukifungwa, mchango usimame bila mtu kupoteza haki. Na mwenye mtumbwi atoe sehemu yake kabla samaki hawajagawanywa, kama anavyotoa ya mafuta.