Ndege wa Amani na Jirani Mwenye Maneno Mengi

Mwezi huu hatuanzi na chanjo wala lishe. Tunaanza na ndege.

Mwaka jana sisi akina mama wachache wa Kibamba tulisafiri hadi Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Tulipita Chalinze, Segera na Muheza, kisha tukapanda barabara ya kona nyingi hadi kwenye ukungu na miti mirefu. Msitu huo ulitangazwa mwaka 1997 kuwa hifadhi ya mazingira asilia, wa kwanza wa namna hiyo nchini.

Asubuhi tuliingia msituni na mwongozaji. Kwa muda mrefu hatukuona ndege hata mmoja, na baadhi yetu tukaanza kunung'unika. Ghafla matawi yote yakachangamka! Ndege wa kila rangi walifika kwa pamoja. Wengine walipekua majani ya juu, wengine walichakura vichakani, kigong'ota akagonga gome. Baada ya dakika chache wote wakapita, msitu ukanyamaza tena.

Mwongozaji alitueleza kuwa ndege hao wa aina mbalimbali hutembea pamoja kutafuta wadudu. Hawagombani sana, kwa kuwa kila mmoja ana mahali pake pa kutafutia. Kati yao yumo mramba, ndege mweusi apendaye kukaa wima kwenye tawi lililo wazi. Wenzake wanapopekua majani, wadudu hukurupuka, naye huwadaka hewani. Akimwona kipanga hupiga kelele, na wote hujificha. Hivyo aliyeinamisha kichwa kwenye gome hula kwa utulivu, maana lipo jicho jingine linaloangalia.

Lakini mramba si malaika. Ndugu yake mwenye mkia wa panda amechunguzwa na wataalamu katika jangwa la Kalahari. Waliona kuwa mara nyingine hupiga kelele za uongo ili wengine wakimbie, naye achukue chakula walichoacha. Hata hivyo huendelea kusikilizwa, kwa sababu mara nyingi kipanga huwa yupo kweli.

Hapo ndipo tulipomkumbuka jirani yetu mmoja.

Miaka michache iliyopita mama kijana alijifungua mtaani kwetu, mumewe akiwa safarini. Jirani muuza maandazi, ambaye hatusali naye pamoja, alikuja kutuambia kuwa mzazi hafungui hata dirisha. Tulimjua kwa maneno mengi. Tukasema, "Ni yale yale yake," tukaenda mazoezi ya kwaya. Kesho yake alirudi analia. Tulimkuta mzazi anatetemeka kwa homa, mtoto hanyonyi. Walilazwa wote wawili, na kwa neema ya Mungu walipona. Sisi ambao kazi yetu ni uuguzi tunaona aibu hadi leo, maana tulijua vema kuwa siku za kwanza baada ya kujifungua zina hatari kubwa.

Akina mama, siku hizi tumejenga kuta na mageti, na kila mmoja ana kanisa lake na kikundi chake. Jirani akijifungua, piga hodi kila siku katika juma la kwanza, awe wa dini yako au sivyo. Mzazi akitokwa damu nyingi, akiwa na homa, kichwa kikali, macho kuona ukungu au degedege, apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo mtoto asiyenyonya, anayepumua kwa shida, au mwenye mwili wa moto sana au wa baridi.

Na yule jirani mwenye maneno mengi akija mlangoni, toka ukaangalie kwanza. Ukikuta si kitu, umepoteza dakika tano tu.

Bwana Yesu alitufundisha tuwatazame ndege wa angani. Sisi tuliwatazama, nao wakatukumbusha kosa letu.

Mungu awabariki. Tukutane mwezi ujao.